Ukipandikizwa ngozi usoni, uliza itatolewa wapi

Mtu akiambiwa atapandikizwa ngozi usoni, maswali yake yote ni ya uso: kovu litaonekana? Rangi itakubali? Sawa, uliza. Ila hiyo ngozi inatoka mwilini mwako mwenyewe, na inakotoka kunabaki kidonda kingine cha kuuguza. Mimi niliungua usoni na nimepandikizwa zaidi ya mara moja. Niwaambie ukweli, uso haukuninyima usingizi kama paja.

Mara ya kwanza nilichunwa ngozi nyembamba ya paja. Inatolewa kwa mashine maalumu na unene wake haufiki nusu milimita, kwa hiyo mashina ya vinyweleo yanabaki chini na ngozi mpya inaota kutoka humo, bila kushonwa, kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 3. Ukiisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Kumbe ni eneo pana lililobaki na ncha za neva wazi, ndiyo maana linauma kuliko hata pale palipopandikizwa. Asubuhi ndiyo kazi: ukishusha tu miguu kitandani, paja zima linawaka moto. Nesi mmoja alinifundisha kunywa dawa ya maumivu mapema, nusu saa hivi kabla ya kuinuka, na hilo lilinisaidia kuliko maneno yote ya kunipa moyo.

Bandeji ya paja ikigandia, iache. Usiibandue kwa nguvu, maana unaondoka na ngozi changa iliyoanza kuota. Inaachia yenyewe chini kukikauka, na kingo zinazonyanyuka unazipunguza kwa mkasi. Ila ikitoa harufu mbaya, ikilowa usaha, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyohiyo. Halafu kuna jambo la kusema kabla ya kuingia chumba cha upasuaji: unalalia upande gani. Waombe wachune paja la upande wa pili, juu, mahali ambapo kaptura itafunika. Kidonda kitapona, lakini alama ya rangi inaweza isiondoke kabisa. Yangu ipo mpaka leo, pembe nne, kama kiraka.

Ngozi nyembamba ina tabia ya kujikunja inapopona. Ikipandikizwa pajini hilo halina shida. Karibu na jicho ni balaa, kwa sababu kope la chini linavutwa chini na jicho halifungi vizuri. Ndicho kilichonirudisha kwa upasuaji mwingine. Safari hii walikata ngozi ya unene wote nyuma ya sikio. Hii hujikunja kidogo, na rangi yake inaendana na uso vizuri kuliko ya paja. Ndiyo maana kwa vipande vidogo madaktari hupenda nyuma au mbele ya sikio, au juu ya mtulinga. Kule ilikotolewa wanashona, unabaki mstari tu. Maumivu? Ya kuvumilika kabisa.

Lakini kama masikio yako yaliota keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe) ulipotoboa, au una kovu la kifuani lililovimba, mwambie daktari hata asipouliza. Kwetu wenye ngozi nyeusi keloidi hutokea zaidi, na sikio ni mojawapo ya sehemu inazozipenda.

Kuhusu uso wenyewe: siku 2 za mwanzo kipande kinaishi kwa majimaji ya kidonda tu, halafu mishipa ya damu ndiyo inaanza kuungana. Ndiyo maana wanakikandamiza kwa furushi la shashi lililoshonewa juu yake, kwa kawaida karibu wiki nzima. Damu ikijikusanya chini yake au kikiteleza, kinakufa. Usitafune vitu vigumu, usicheke sana (ndugu wenye vichekesho waje baadaye), na sigara acha kabisa.

Wanaotengenezwa pua au taya wana hesabu nyingine. Gegedu (ule mfupa laini) likitolewa sikioni halisumbui sana. Likitolewa ubavuni, panauma kila ukikohoa. Nyama na ngozi zikitoka kwenye mkono, uliza kama watatumia usioandikia, na uliza pengo litafunikwa na nini, kwa sababu mara nyingi nalo hupandikizwa ngozi ya paja. Mfupa wa mguu ukitumika kwa taya, watu wengi hutembea tena vizuri, ila wengine hubaki na kidole gumba cha mguu kisicho na nguvu.

Vidonda vyote vikishafunga, paka mafuta yasiyo na manukato na kinga jua, uso na paja pia. Kuwasha kutakuwepo kwa miezi. Kovu likianza kuinuka na kuwa gumu, usisubiri likomae: jeli ya silikoni na sindano za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi likiwa bado dogo.