Anza na Daraja: Ushauri kwa Mwenye Gitaa la Jazi la Zamani

Gitaa langu la kwanza la jazi la zamani lilinifedhehesha siku ya pili tu baada ya kulinunua. Nilitoa nyuzi zote sita kwa pamoja ili nilifute vumbi, na mara daraja, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso wa gitaa, likadondoka, likaacha mkwaruzo kwenye vanishi iliyokuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Sikujua kwamba daraja la achitopu, yaani gitaa lenye uso uliobinuka kama wa fidla, halibandikwi kwa gundi, bali hushikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Tangu hapo mimi hubadilisha uzi mmoja mmoja, na kabla ya kulegeza chochote hupima kwa rula mahali miguu ya daraja iliposimama. Sitii alama kwa utepe wa gundi, kwa kuwa vanishi kuukuu huweza kubanduka pamoja nao.

Anayetaka kununua asianze kwa kutazama rangi wala mapambo ya kichwani, bali atazame jinsi shingo ilivyokaa. Laza rula ndefu ya chuma juu ya freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na uangalie ncha yake inafika wapi kwenye daraja. Ikiwa daraja limeshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu sana, yaelekea shingo imeinama mbele kwa miaka mingi ya kuvutwa, na dawa yake ni fundi kuing'oa na kuipandikiza upya, kazi ambayo huweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya gitaa lenyewe. Usikubali kuambiwa kwamba ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo itamaliza tatizo, kwa sababu kazi yake ni kurekebisha upinde wa shingo, si pembe yake. Chungulia pia ndani kupitia matundu ya uso, kwa tochi na kioo kidogo, uone kama mihimili iliyo chini ya ubao imeachia gundi, kisha gonga uso kwa ncha ya kidole. Mtatariko huwa dalili ya mhimili uliolegea.

Shingo ikiwa nzuri, rudi kwenye daraja, maana hapo ndipo sauti nyingi hupotea. Kitako cha daraja kinapaswa kugusana na mbinuko wa uso kote, pasipo mwanya wa kupitisha hata karatasi. Madaraja mengi niliyoyaona yalikuwa yamekaa kwa ncha mbili tu, na wenye magitaa wakalaumu nyuzi. Njia ya kusahihisha ni kulaza msasa juu ya uso, upande wenye chenga ukitazama juu, kisha kusugua kitako mahali pale pale kitakaposimama, kwa miendo mifupi na bila kukiyumbisha, hadi kipate umbo la mbinuko ule. Ni kazi ya subira, nami kipande cha kwanza nilikiharibu kwa haraka zangu. Ikiwa daraja ni la asili, lihifadhi salama na ufanyie majaribio lingine jipya, kwa sababu thamani ya gitaa la zamani huambatana na vipande vyake vya asili.

Kupata mahali sahihi pa daraja si jambo la kubahatisha. Umbali kutoka kizingiti cha kichwani, yaani kile kipande ambacho nyuzi hupitia mwanzoni mwa shingo, hadi freti ya 12 ndio nusu ya urefu wa uzi, na daraja hukaa mbali kidogo zaidi ya nusu ya pili. Piga mlio wa kengele juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza huku ukiupiga, kisha ubonyeze hapo hapo: sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kuelekea mkiani; ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Madaraja mengi ya zamani yalichongwa kwa uzi wa tatu uliozungushiwa waya, hivyo ukiweka uzi mtupu, usio na waya huo, utausikia ukipanda juu kila unapobonyeza.

Kuhusu nyuzi, tazama kwanza gitaa lilitengenezwa kwa kazi gani. L-5, gitaa ambalo kampuni ya Gibson ililitoa mwaka 1922 huko Kalamazoo, Marekani, ina uso wa mti wa sprusi uliochongwa, na ilikusudiwa kusikika bila umeme, kwa hiyo nyuzi za shaba huifaa. ES-175, gitaa jingine la Gibson la mwaka 1949, ni ya plaiwudi, nayo hutegemea kinasa sauti cha sumaku, ambacho hakiisikii shaba vizuri. Iwekee nyuzi za nikeli, hasa zile bapa zisizokwaruza. Seti ambayo uzi wake mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.012 inatosha. Wapo wanaosisitiza 0.013 au zaidi, lakini juu ya uso uliokwisha kuzama kidogo mimi siwezi kuthubutu.

Unyevu wa chumba ukae kati ya asilimia 45 na 55. Jambo la mwisho ni kibao cha kukinga mikwaruzo: vile vya zamani vya seluloidi huoza vikitoa mvuke wenye asidi, unaokula freti na vyuma vyote vilivyofungiwa pamoja navyo. Ukiona chako kinajikunja au kutoa harufu kali, kitoe, ukihifadhi nje ya sanduku mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa seluloidi hushika moto upesi.