Tovuti yetu yaingiwa na watu, mbona hawabaki?

SWALI: Assalam aleikum Shangazi. Sisi ni vijana wa hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Tumetengeneza programu ya kuonyesha maji kujaa na kupwa, ili mtu anayetaka kwenda Faza au Pate ajue mkondo wa bahari wa Mkanda utapitika saa ngapi, na wavuvi nao wajue bamvua (maji makubwa) yaanza lini na maji mafu (maji madogo) lini. Ni programu huria, yaani msimbo wote, yale maandishi ya programu yenyewe, tumeuweka GitHub, tovuti ya kuwekea miradi kama hii, na mtu yeyote aweza kuuchukua, kuubadilisha na kutusaidia. Shida ni tovuti. Watu waingia, twawaona kwenye hesabu, lakini watoka hapo hapo, na hajapatikana hata mmoja mpya wa kusaidia, sisi ni wale wale tulioanza. Wenzangu wasema tubadilishe rangi na tuweke picha nzuri zaidi. Wewe waonaje? Linki nimekutumia.
M., Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Rangi iacheni kama ilivyo, haina kosa lolote, na picha ndo kabisa msiongeze.

Nimeifungua tovuti yenu kwa simu, kwa bando la kawaida, manake ndivyo wengi wanavyoingia intaneti. Kwanza ikaja picha ya jahazi limetweka tanga, nzuri sana, lakini imejaza skrini nzima na imechukua muda kufika. Nikashuka chini, nikakuta maandishi kwamba huu ni mradi huria wa kukokotoa hamoniki za maji ya bahari, halafu M2, S2, K1 na O1 (majina ya mivuto ya mwezi na jua inayosukuma maji), halafu amri za kuinstoli kwenye Linux, mfumo wa kompyuta, halafu nembo ya leseni, basi. Maji ya leo sijayaona. Nikaenda kwenye menyu, nikabofya palipoandikwa Demo, nikachagua bandari kwenye orodha ndefu, ndo nikapata 16:25 pamoja na mchoro ambao kwenye simu umekatika nusu.

Sasa mwanangu, hiyo M2 naijua, ni mvuto wa mwezi unaorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, ndo sababu maji ya leo hayajai saa ile ya jana, yachelewa kama dakika 50 hivi kila siku. Ni elimu ya maana, mmeishika vizuri, na nawapongeza kwa moyo wote. Lakini mama aliyesimama gatini na watoto na mizigo yake akingojea boti ya Faza hakuja kutafuta M2. Amekuja na swali moja tu, Mkanda una maji saa ngapi, na asipoona jibu upesi afunga simu akamuulize mzee aliyekaa hapo karibu, ambaye anajua bila ya intaneti.

Nyumba za mawe za huko kwenu zina daka. Mgeni akipiga hodi anakaribishwa pale kwenye baraza za daka, anakaa, anasema lililomleta, na akitosheka na hapo anaaga anaenda zake, bila kulazimika kuingia ndani. Ukurasa wa mwanzo wa tovuti ndo daka lenu, na nyinyi mgeni akishasema hodi mnampitisha moja kwa moja mpaka chumba cha ndani kabisa.

Kwa hivyo mstari wa kwanza, juu ya kila kitu, uwe maji yenyewe. Andikeni kwa mfano: Lamu leo ni bamvua, maji yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi na dakika 25 jioni, yanapwa saa nne na dakika 12 asubuhi. Tumieni saa zetu, anayetaka 16:25 muwekeeni kitufe cha kugeuza. Na tarehe ya mwezi mwandamo iwe kando yake, kwa sababu wavuvi ndivyo wanavyohesabu. Semeni wazi pia kwamba hayo ni makadirio, hesabu ya mwezi na jua haiujui upepo, na kusi ikivuma kwa nguvu nahodha aamini macho yake kwanza.

Mstari wa pili useme hiki ni kitu gani, kwa maneno ambayo nyanya yako akisomewa anaelewa: hii ni programu ya bure ya kujua maji, imetengenezwa na vijana wa Lamu, na yeyote anakaribishwa kusaidia kuiboresha. Chini yake vitufe viwili tu, kimoja cha anayetaka kujua maji ya siku nyingine au bandari nyingine, na kimoja cha anayetaka kusaidia. Hamoniki na Linux zihamisheni ndani, kwenye ukurasa wa pili, anayezitaka atazifuata.

Hapo kwenye kitufe cha kusaidia ndo penye moyo wa swali lako. Mwaka 2017 GitHub waliwauliza watu wa programu huria shida zao ni zipi, na 93% wakasema wamekutana na maelezo yaliyopitwa na wakati au yasiyokamilika, halafu 60% ya wachangiaji wenyewe wakasema kuandika maelezo ni kitu wanachokifanya kwa nadra au hawakifanyi kabisa. Yaani ugonjwa unajulikana na karibu kila mtu ameuona, ila mwenye kuutibu ndo hapatikani. Nyinyi ni wachache na mradi bado mdogo, huu ndo wakati wa kuutibu.

Maelezo yenu ya kuinstoli yameandikwa na mtu ambaye laptopu yake ina kila kitu tayari. Hatua ya tatu inasema endesha programu, lakini hakuna palipotajwa kwamba kwanza uwe na Python, lugha ya kuandikia programu, wala toleo gani, wala ujue vipi kama imekubali. Chukueni laptopu ambayo haijawahi kuguswa na mradi huu, mfuate maelezo yenu wenyewe neno kwa neno bila kuongeza kitu kutoka kichwani, na kila mahali mtakapokwama paandikwe upya. Mwisho wa kila hatua mwambieni mtu ataona nini kwenye skrini kama mambo yameenda sawa, na akiona kosa fulani afanye nini. Hiyo peke yake itawabakishia watu ambao saa hizi wanaondoka wakidhani hawana akili, na kumbe maelezo ndo yana upungufu.

Alafu wapeni kazi ya kuanzia. Mgeni ukimwambia karibu utusaidie, hajui aanzie wapi na anaona haya kuuliza. GitHub kuna lebo inayoitwa good first issue, mkiibandika kwenye isyu ndogo ndogo, yaani zile taarifa za tatizo au kazi ya kufanywa, mtu anazipata kwa urahisi, lakini lebo bila maelezo haifai kitu. Andikeni kwenye isyu yenyewe tatizo ni nini, faili gani la kufungua, na ni nani kati yenu wa kuulizwa, mfano kurekebisha ule mchoro uliokatika kwenye simu. Kazi rahisi kama hizo msizimalize nyinyi wenyewe usiku mmoja kwa sababu mnaziweza, waachieni wageni ndo mlango wao. Na muwe na faili la CONTRIBUTING, la kueleza jinsi ya kuchangia, kwa sababu mtu akitaka kufungua isyu au kutuma mabadiliko GitHub yenyewe humwonyesha linki ya kulifikia.

Wasiojua msimbo pia wana kazi, na huko Lamu ndo walio wengi. Nahodha anayepita Mkanda kila wiki anaweza kuwaambia siku ambayo programu ilisema kuna maji na boti ikapanda mchanga, na habari hiyo hamuipati kwa kukaa na laptopu Langoni. Mwalimu anaweza kusoma Kiswahili chenu akakinyoosha. Mwenye simu ya zamani anaweza kuwajaribia. Waandikeni wote kwenye ukurasa wa shukrani, kwa majina kama wameridhia, sawa sawa na walioandika msimbo.

Halafu kuna la kujibu watu, ambalo halina uhusiano na sura ya tovuti lakini mimi naliweka juu ya yote. Mozilla, wale wenye Firefox, walichunguza wachangiaji wao wakakuta kwamba aliyetuma kazi yake ya kwanza akajibiwa ndani ya saa 48 alikuwa na uwezekano mkubwa sana wa kurudi, na aliyengoja zaidi ya siku 7 karibu hakurudi kabisa. Nimeangalia isyu zenu, kuna mtu aliwaandikia kwamba saa za Kiunga haziendi sawa, akaeleza vizuri tu, na mpaka leo hajajibiwa hata asante. Huyo ndo mchangiaji mnayemtafuta! Mjibuni leo, hata kama jibu ni tumeona, twaomba muda. Pangianeni zamu ya wiki kwa wiki, kila wiki mmoja awe na jukumu la kusoma na kujibu, na muandike kwenye tovuti kwamba mtu atajibiwa ndani ya siku 2, kisha mtimize.

Leseni mnayo, vizuri, manake msimbo uliowekwa wazi bila leseni kisheria bado ni wa mwenyewe na mtu mwingine hana ruhusa ya kuutumia, jambo ambalo wengi hawalijui.

Lugha, wekeni Kiswahili kwanza na Kiingereza pembeni kwa madevelopa wa mbali. Kwenye msimbo wa ukurasa andikeni lang="sw" ili programu zinazowasomea wasioona zijue hiki ni Kiswahili, zisikisome kwa matamshi ya Kiingereza. Na ile picha ya jahazi ipunguzeni ukubwa, muigeuze WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, muishushe chini ya maji ya leo, mtu ambaye bando lake linaisha apate jibu kabla ya picha.

Mkishamaliza msinitumie mimi linki tena kuniuliza nimeonaje, mimi nishaizoea. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watu 5 tu unagundua karibu 85% ya matatizo. Kwa hivyo tafuteni watu watano ambao hawajawahi kuiona, mvuvi awepo, mwanafunzi awepo, mama wa nyumbani awepo, mmpe simu mkononi mmwambie atafute maji ya Ijumaa, kisha nyamazeni. Kunyamaza ndo kazi ngumu hapo, utamuona anabofya pasipo na kitu na kidole chako kitawasha kutaka kumwonyesha. Usimwonyeshe, andika tu alipokwama, na hapo alipokwama ndo pa kurekebisha, si penginepo.

SWALI: Shangazi, hosting (mahali pa kuiweka mtandaoni) ya tovuti ya mradi kama huo wanilipisha kila mwaka, hakuna njia ya bure?
S., Shela, Lamu

JIBU: Ipo. Kama msimbo wenu uko wazi GitHub, wana GitHub Pages ya bure kwa kurasa za kawaida zisizohitaji databesi. Hiyo pesa lipieni bando la watu wanaowajaribia.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko Malindi, najifunza programu peke yangu. Nimejaribu kuingia mradi mmoja huria mkubwa wa nchi za nje, nimesoma maelezo yao nikakwama hatua ya pili, na nahisi ni wao waliokosea kuandika lakini sina hakika. Naogopa nikisema nitaonekana mjuaji, au wataona sijui chochote. Niseme au ninyamaze?
Z., Maweni, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Sema, na useme wiki hii hii, kwa sababu macho uliyonayo sasa hivi hayadumu. Ukishazoea mradi hutaona tena pale ulipokwama, na wao ndo hivyo wameshazoea hawapaoni.

Kwanza tafuta kwenye isyu zao kama kuna mtu ameshasema jambo hilo hilo, kama yupo ongeza neno lako hapo hapo. Kama hayupo fungua mpya. Andika unatumia kompyuta gani, ulifuata ukurasa gani, hatua gani, ulitarajia kuona nini, na ukaona nini badala yake, ule ujumbe wa kosa unakili wote kama ulivyo usiufupishe. Usiandike maelezo yenu ni mabaya, na usiombe radhi mara tatu kwa kuwa mgeni, andika tu nilifika hapa nikakwama hivi. Ukijua sentensi ya kurekebisha, iandike, na ukiweza kuituma wewe mwenyewe kama badiliko hiyo itakuwa kazi yako ya kwanza kwenye programu huria, ina jina lako na tarehe, na ni kazi kamili kama nyingine yoyote.

Zikipita wiki mbili bila jibu, kumbusha mara moja kwa adabu. Wakinyamaza tena, tafuta mradi mwingine, na ukitaka wa karibu kuna vijana wa Langoni hapo juu wanaotafuta mtu wa kuwajaribia maelezo kwenye laptopu ambayo haijaguswa. Ukiniruhusu nitawapa anwani yako.