Kozi ya ualimu wa yoga: yale sikuambiwa kabla sijauza cheni yangu

Kila kaskazi ikianza kuvuma naulizwa swali lilelile na vijana wa hapa Shela, Lamu, wengine wako risepsheni, wengine wanatembeza wageni kwa dau, dada na mimi nikasomee ualimu wa yoga? inalipa? Nawajibu kasome, lakini sababu wanazonipa karibu zote sizo, sa leo naandika yote pamoja niwe nawatumia manake nshachoka kurudia.

Mimi nlikuwa napokea wageni gesti moja hukuhuku. Juu darini chini ya makuti kulikuwa na darasa kila asubuhi, nikimaliza mambo ya chai nakaa pembeni naangalia, baadae nkaanza kufanya nao, baadae YouTube usiku kwa simu, ikafika mahali nkajiona fundi. Shangazi yangu akawa analalamika mabega, nkamwambia njoo nkuonyeshe kitu, nkamlaza nkamwinulia miguu nkaipeleka mpaka nyuma ya kichwa, ule mkao wa halasana, mama wa hamsini na kitu ambae mazoezi yake ni kupanda ngazi tu. Siku mbili shingo haigeuki. Hakunisema hata neno, alikuwa ananitazama tu huku anajichua mafuta, na mimi ile haya sijamaliza mpaka leo.

Hio ndo ilonipeleka kusoma, sio wageni wala euro.

Kozi ya kuanzia huwa ni masaa 200, ukisoma mfululizo ni kama mwezi mzima kutoka alfajiri mpaka usiku, ukisoma wikendi ni miezi kadhaa. Nliuza cheni ya dhahabu nlopewa na mamangu. Nilidhani nitarudi na mikao mipya mia, wapi, kwa viwango vya shirika la Yoga Alliance masaa 75 ni mbinu na kufanya kwenyewe, 30 ni anatomia, 30 historia na falsafa, 50 namna ya kufundisha, yanayobaki shule inapanga yenyewe. Kwa hivyo kama unataka tu mwili ulainike usilipe hela zote hizo, hudhuria darasa la mtu mzuri miezi sita, inatosha kabisa.

Mimi kilichonifungua macho ni mifupa. Nlikuwa naamini mtu akishindwa kukaa chini miguu imekunjwa basi ni mvivu au mwili umemkakamaa. Kumbe ule mviringo wa juu wa mfupa wa paja na tundu lake kwenye nyonga haufanani kwa watu wawili, mwingine mfupa unagonga mfupa hata anyooshe miaka kumi, ukimlazimisha unamuumiza goti kwa sababu goti ndo linaenda kulipa deni la nyonga. Hapo nkaelewa pia kwa nini wageni wangu wengine wanateseka kukaa chini, wamekaa kwenye viti toka shule ya chekechea, na sisi tumekulia mkekani tunaona mchezo. Mtu akikwama sa hizi nampa mto akalie, hadithi imeisha.

Kuna bi mkubwa mmoja mtaani alikuwa anasali kwenye kiti, magoti. Aliniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu naweza kurudi chini mimi? Ningekuwa ile mimi ya YouTube ningesema ndio haraka haraka. Nkamwambia kwanza hospitali, akaenda na bintiye, daktari akasema mazoezi mepesi ruhusa. Tukaanza na kukaa na kuinuka kwenye kiti, mara tano tu, halafu kiti kifupi, halafu mito miwili. Ilichukua zaidi ya mwaka. Siku hizi sala ya alfajiri anakwenda chini mwenyewe, jioni akichoka anarudi kwenye kiti chake na hamna neno. Wallahi kwa hilo tu cheni yangu imerudi.

Sa tuje kwenye kuongea, hapa wengi wanaanguka. Kwenye kozi utasimamishwa ufundishe wenzako na utatetemeka. Mimi nlifundishwa kwa kiingereza, nkarudi nyumbani nafasiri neno kwa neno, siku ya kwanza na kina mama nkawaambia haya sasa fungueni moyo. Mmoja akauliza, nimfungulie nani? Darasa zima likacheka dakika tano. Nkajifunza kusema mabega nyuma, kifua mbele. Na ukisema "toa pumzi" watu wanakaza tumbo kama wanapuliza jiko, ukisema "shusha pumzi" bega linashuka lenyewe. Kaa chini utengeneze maneno yako kabla hujapata wanafunzi, hakuna kozi itakufanyia hio kazi.

Na kushika watu, uliza kwanza kila mara, hata kama ni jirani, hata kama jana alikubali.

Dini. Utaulizwa, usijifanye hujasikia. Mzee mmoja alinisimamisha njiani baada ya isha, akaniuliza hivi hayo si ibada za watu? Bila kusoma ningesema ah ni mazoezi tu mzee, na angejua nadanganya. Nkamwambia asili yake ni India, mwalimu wa kale anaitwa Patanjali ameipanga kwa hatua nane na ile mikao ya mwili ni hatua ya tatu tu, nyingine ni tabia na pumzi na kutuliza akili, na kuna shule zinaimba mantra, yale maneno yao matakatifu ya kurudiarudia kama Om, na kuna ambazo haziimbi. Mimi nafundisha viungo na pumzi. Siimbi Om, naanza kwa salamu, namaliza watu wamelala kimya. Akanyamaza kidogo, akasema basi msipitishe wakati wa sala. Ndo maana darasa langu ni baada ya alasiri na tunafunga kabla ya magharibi, wanawake peke yao, pazia limeshushwa, mtu anakuja na dira lake na suruali ndani. Kama na wewe moyo wako unasita, iulize shule mapema mantra ni lazima au la, usingoje uwe ushalipa.

Haya, pesa. Lile shirika nlilolitaja, Yoga Alliance, ni la Marekani, lipo toka 1999, linaweka orodha ya shule na walimu, sio serikali na cheti chake sio leseni ya kufanya kazi Kenya. Lakini hoteli nyingi zinaliulizia, kwa hivyo kabla hujatuma hata shilingi ingia tovuti yao utafute jina la shule. Rafiki yangu alisoma kozi rahisi ya intaneti, akapata cheti kina muhuri wa dhahabu kinang'aa kama sahani ya harusi, kumbe shule yenyewe haimo popote. Kusoma kwa intaneti si kosa, kosa ni kutoangalia.

Na usidanganywe na wiki ya tamasha la yoga hapa Lamu. Wiki ile kila baraza kuna mtu na mkeka wake chini ya kwapa, utadhani kazi zimejaa kisiwa. Subiri masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinafunga, bahari imechafuka, wanafunzi wako ni paka. Malindi na Watamu nafuu kidogo kwa sababu kuna Wataliano wanaoishi kule miaka mingi, sio wa kupita, lakini kule walimu nao ni wengi. Mimi sikuacha kazi ya gesti mpaka mwaka wa pili. Ukipata hoteli, patana mapema unalipwa kwa darasa au kwa kichwa, na wasipokuja watu inakuwaje. Mimi kuna mahali nlipanda boti kutoka Shela mpaka Manda, sikukuta mtu, nkarudi, na nauli ikawa yangu.

Vifaa usihangaike. Kikoi kimekunjwa ndo mkanda, mto mgumu wa sofa unafanya kazi ya ule mto mrefu wa yoga, na mkeka wa ukindu ukiuweka juu ya zulia hautelezi. Wageni wenyewe wananiuliza naununua wapi.

Sa hivi Alhamisi huwa tunafika watu kumi na wawili hivi ukumbini. Shangazi huja pia, anakaa palepale karibu na mlango, na nikisema tuinue miguu ananitazama kwanza.