Maswali yenu: gari la kizamani na mvua za kusini

Mvua ndo hizo zinanukia, tuanze bila salamu ndefu.

Nina Landrover Series III ya marehemu baba, inalala Shangani ya Mtwara karibu na bahari. Bodi haina kutu hata kidogo, nihangaike na nini?

Hapo ndo watu wanapodanganyika kaka. Bodi ni aluminiamu, lakini chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na upepo wa bahari unaipelekea chumvi usiku na mchana. Ingia chini na tochi, gongagonga na bisibisi hasa kule nyuma, ikizama mwite fundi wa kuchomelea kabla mvua hazijaanza. Kama iko nzima osha kwa maji yasiyo na chumvi, iache juani siku mbili ikauke kabisa ndo upake grisi au oili chafu, ila breki na raba usiziguse. Mi yangu niliwahi kupaka bila kuosha, chumvi nikaifungia ndani mwenyewe, nikaja kulipa kuchomelea.

Nifunike na turubai? (Lindi mjini)

La plastiki hapana, gari litatoka jasho humo. Shuka kuukuu la pamba, chini ya paa, vioo uviache wazi kidogo.

Nawasha kila asubuhi dakika tano betri isife, si sawa? (Masasi)

Si sawa mzee wangu, shikamoo. Injini haijapata moto ushazima, maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili, na betri imetoa zaidi ya ilichorudishiwa. Chomoa waya wa hasi, pima mara moja kwa mwezi, ikishuka chini ya volti 12.4 chaji. Ukiwasha basi toka nayo, nenda Ndanda urudi.

Mdogo wangu yuko Uingereza, anasema wao wanafungia magari ya kizamani ndani kipindi cha baridi. Sisi yanatuhusu?

Kule barabara zinamwagiwa chumvi zisigande barafu, ndo wanayoikimbia. Sisi tunaletewa na upepo mwaka mzima, bure. Ila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, weka hata huku, inazuia kutu ndani ya injini, maji ya bomba matupu hayazuii.

Limekaa miezi mitatu stoo, Mikindani, matairi ya nyuma hayazunguki!

Ulivuta handbreki, imegandia. Iachie handbreki, piga jeki, gonga dramu ya breki taratibu kwa nyundo. Siku nyingine weka gia na kigingi, handbreki iache. Na kama stoo hiyo ina magunia ya korosho, panya wakimaliza korosho wanahamia kwenye waya, kwahiyo kimoja kihame, na najua korosho haitahama.