Binti anakuja kututembelea Uingereza: majibu kwa wazazi wastaafu

Mwaka huu tumepokea barua nyingi za wazazi waliostaafia Uingereza na ambao watoto wao wakubwa wako nyumbani Afrika Mashariki. Tumechagua tatu, kwa sababu ndani yake mna karibu yote wanayouliza wengine.

Swali: Nimestaafu, naishi peke yangu Leicester. Binti yangu ana miaka 36, anafundisha shule ya binafsi Dar es Salaam, ana mume na watoto wawili. Mwaka jana aliomba viza aje akae nami miezi mitatu, akanyimwa. Nilikuwa nimemtumia shilingi milioni sita ili salio lake benki lionekane vizuri. Safari hii tufanyeje?
*Mama wa Leicester*

Jibu: Shikamoo mama. Kwanza mwombe binti akusomee barua ya kukataliwa, aya kwa aya, kwa sababu ombi jipya lazima lijibu kila hoja iliyomo. Lakini katika maelezo yako mna mambo mawili ambayo huwaangusha waombaji wengi.

La kwanza ni miezi mitatu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Mwalimu mwenye kazi, mume na watoto anapoomba miezi mitatu, afisa wa viza anajiuliza kazi hiyo inamsubirije. Aombe wiki tatu, ziangukie likizo ya shule, na barua ya mwajiri itaje cheo chake, mshahara, tarehe likizo inapoanza na tarehe anayotakiwa kuripoti kazini. Tarehe hizo zilingane na zile za fomu na za barua yako. Zikipishana hata kwa siku chache, shaka inaingia.

La pili ni zile milioni sita. Afisa hatazami salio peke yake, hutazama jinsi pesa zilivyoingia. Mshahara wa laki nane kila mwezi, kisha ghafla milioni sita wiki moja kabla ya ombi, huonekana kama pesa za kuazima. Nia yako ilikuwa njema, ila msirudie. Atoe taarifa za benki za miezi sita jinsi zilivyo, pamoja na hati za mshahara za miezi hiyo hiyo. Kama kuna kiasi kikubwa kilichoingia kihalali, tuseme malipo ya kikoba au ya kiwanja kilichouzwa, aambatanishe karatasi inayokithibitisha. Wewe unaweza kugharamia safari bila kupitisha senti kwenye akaunti yake: andika tu kwamba utalipa nini.

Barua yako ya mwaliko isizidi ukurasa mmoja. Taja jina lako, anwani, uhusiano wenu, tarehe za kuja na kuondoka, chumba atakacholala, nani analipa tiketi, nani analipa chakula. Ambatanisha nakala ya pasipoti au uthibitisho wa haki yako ya kuishi Uingereza, mkataba wa nyumba au bili ya Council Tax (kodi ya makazi inayolipwa halmashauri), na taarifa zako za benki. Usiahidi kulipa kila kitu ikiwa kipato chako ni pensheni ya serikali peke yake. Pensheni kamili ya mfumo mpya kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, na afisa anaijua hesabu hiyo. Mgawanyo unaoaminika ni binti kulipa tiketi na bima, mama kutoa malazi na chakula.

Angalieni pia majina. Cheti cha kuzaliwa cha binti kikikuita Asha na pasipoti yako ya sasa ikisema Aisha, au ikiwa na jina la ndoa, uhusiano wenu hauonekani kwenye karatasi. Cheti cha ndoa au kiapo mbele ya wakili huziba pengo hilo. Na kila hati ya Kiswahili, ikiwemo barua ya serikali ya mtaa, iende na tafsiri kamili ya Kiingereza yenye uthibitisho wa mfasiri kuwa ni sahihi, tarehe, jina lake, saini na mawasiliano.

Ombi hujazwa mtandaoni, si mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari. Kisha anakwenda kituo cha maombi ya viza kutoa alama za vidole na picha, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 kutoka hapo. Aprili 2025 ada ya viza ya hadi miezi 6 ilipanda hadi pauni 127. Ada hizi hupanda, hivyo itazameni siku ya kulipa. Ada hairudishwi akinyimwa, kwa hiyo tiketi isinunuliwe kabla ya jibu. Swali la kama amewahi kunyimwa viza alijibu ndiyo, na aeleze. Kuficha hilo ni udanganyifu, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa miaka 10.

Swali: Mimi ni mgane wa miaka 74, naishi Birmingham kwenye nyumba za wazee zenye msimamizi, chumba kimoja cha kulala. Napata Pension Credit (nyongeza ya serikali kwa wastaafu wa kipato kidogo) na punguzo la Council Tax kwa kuwa niko peke yangu. Binti yangu anakuja kwa wiki tano kutoka Mombasa. Nitapoteza punguzo? Na nimlaze wapi?
*Mzee wa Birmingham*

Jibu: Shikamoo mzee. Punguzo la asilimia 25 hutegemea ni watu wazima wangapi ambao nyumba hiyo ndiyo makazi yao makuu. Makazi ya binti yako ni Mombasa, hivyo wiki tano hazikuondolei punguzo. Pension Credit nayo haibadiliki kwa sababu ya mgeni wa muda asiyeishi kwako. Weka nakala ya tiketi yake ya kurudi kwenye faili lako, ili ukiulizwa uwe na cha kuonyesha.

Cha kuharakisha ni msimamizi. Mikataba mingi ya nyumba za wazee huweka kikomo cha siku ambazo mgeni anaweza kulala, na wiki tano zinaweza kukizidi. Omba ruhusa kwa maandishi kabla tiketi haijakatwa. Uliza pia kama jengo lina chumba cha wageni. Mengi yanacho, na hukodishwa kwa usiku kwa bei ndogo kuliko hoteli, ila hukodiwa mapema na siku mfululizo huwa chache. Panga alale huko siku za mwanzo, anapohitaji usingizi baada ya safari, kisha ahamie kitanda cha kukunja sebuleni. Chumba chako usimwachie. Mzee anayelala wiki tano kwenye kochi anaamka na mgongo, na binti anakaa na hatia.

Maji ya moto huleta ugomvi kwenye flati ndogo. Kama tangi lako hupashwa usiku kwa umeme wa bei nafuu, lilipimwa kwa mtu mmoja. Wa pili akioga asubuhi muda mrefu, jioni yanatoka ya baridi, na mkibonyeza swichi ya kupasha mchana mnalipa bei ya juu. Mmoja aoge asubuhi, mwingine usiku sana au kesho yake mapema, na muoge kwa shawa badala ya kujaza bafu.

Chonga ufunguo wa pili, na umpe namba ya siri ya kufungulia mlango wa chini siku ya kwanza. Mtu mzima anayesubiri kufunguliwa mlango na baba yake anajisikia mtoto. Ana wenzake mjini, ana simu za nyumbani kwake za kupiga, na tofauti ya saa kati ya Mombasa na Birmingham ni 3 majira ya baridi na 2 majira ya joto. Mwachie siku tatu au nne kwa wiki bila mpango wako. Akitaka kujibu barua pepe za kazi yake ya Mombasa anaruhusiwa, mradi kazi isiwe ndiyo iliyomleta. Kuajiriwa hapa, hata kwa saa chache kwa jamaa, hairuhusiwi.

Kadi yako ya basi ya bure haimhusu yeye, lakini tangu Januari 2025 nauli ya safari moja katika mabasi mengi ya England nje ya London haizidi pauni 3. Kwa treni nunueni Two Together Railcard. Huandikwa majina ya watu wawili na picha zao, na hupunguza theluthi moja ya nauli mkisafiri pamoja, siku za kazi kuanzia saa 3:30 asubuhi. Bei yake ni pauni 35 tangu Machi 2025, na safari moja ndefu ya kwenda na kurudi inaweza kuirudisha.

Swali: Binti yangu ana presha, na anataka kuniletea samli, dagaa na nyama iliyokaushwa. Aje na nini?
*Mama wa Reading*

Jibu: Shikamoo mama. Samli na nyama aziache nyumbani. Bidhaa za maziwa na nyama kutoka Afrika Mashariki haziruhusiwi kwenye mzigo wa abiria, na hunyang'anywa uwanjani. Dagaa waliokaushwa wanaruhusiwa, maana samaki wana kikomo cha kilo 20. Wafungwe mara mbili kwenye plastiki, la sivyo nguo zote zitanuka. Asali isizidi kilo 2.

Dawa za presha abebe za siku zote za safari na wiki moja ya ziada, kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kisayansi la dawa. Anunue bima ya safari na aitaje presha wakati wa kununua, kwani bima iliyofichwa ugonjwa hailipi ugonjwa huo. Kumwona daktari wa mtaani England ni bure hata kwa mgeni, na akikaa zaidi ya saa 24 na chini ya miezi 3 anaweza kuandikishwa kama mgonjwa wa muda. Chumba cha dharura pia hakitozi. Lakini akilazwa wodini, mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS (huduma ya afya ya serikali), na deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi 2 bila kulipwa linaweza kumfanya anyimwe viza inayofuata. Bima inunuliwe kabla ya kupanda ndege, na namba yake ya dharura ibandikwe mlangoni mwa friji.