Usimpeleke peke yake, nendeni wote

Mama, pole sana. Unasema kijana wako wa miaka 11 hachezi tena mpira, analia usiku, na baba yake anaona ni uvivu tu. Uvivu haumfanyi mtoto atazame bugali na sombe vikipoa mbele yake wiki tatu mfululizo. Hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na inatibika.

Kwa kuwa mko Bukavu, anzeni SOSAME, kituo cha afya ya akili. Lakini nakuomba, baba naye aende. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto 134 wenye sonona, wa miaka 7 hadi 14. Nusu walizungumza na mtaalamu peke yao. Nusu nyingine waliingia pamoja na wazazi, wakajifunza kusikilizana na kumaliza ugomvi wa nyumbani. Kila upande ulipangiwa vikao 15. Waliopata nafuu kubwa walikuwa kama 78 kwa mia upande wa familia, na 60 kwa mia upande ule mwingine.

Nyumbani, akisema "nimechoka", msimjibu "na sisi je?" Mwulize: "Nini kimekuchosha, mwanangu?" Kisha nyamazeni. Huko kunyamaza ndiko kugumu. Mimi na wangu kulinichukua miezi.

Na akitamka kwamba anatamani kufa, msingoje siku ya miadi. Mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake hata kidogo.