Tundu Kwanza: Mapambo ya Krismasi Yanayokamilika Darasani

Mwaka wa kwanza nilipoamua kutengeneza mapambo ya Krismasi na darasa langu, nilikuwa na watoto 36, unga wa ngano wa kutosha na furaha tele. Tulikanda, tukakata nyota, tukazipanga dirishani zikauke. Siku ya nne nikazigusa: ngumu kama kigae. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba pambo la kuning'inizwa linahitaji tundu. Nikatafuta msumari nikaanza kutoboa. Nyota 11 zilipasukia mkononi mwangu, na wenyewe wamesimama pembeni wananitazama.

Tangu siku hiyo, kabla sijauliza pambo litapendeza vipi, nauliza litaning'inia vipi. Swali la pili ni nani hasa atakayelitengeneza, mtoto au mimi. Kazi inayoonekana nyepesi kwa mtu mzima inaweza kumshinda kabisa mtoto wa miaka sita. Kukata duara kwa mkasi, kwa mfano, huwatoa jasho. Mstari ulionyooka wanauweza. Kwa hiyo siku hizi naanza na vipande vya karatasi.

Mpira wa karatasi ndio ninaoupenda kuliko yote. Kila mtoto anapata vipande vitatu vyenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 21, yaani upana wa karatasi ya A4. Karatasi moja inatoa vipande 14, kwa hiyo watoto 36 wanatosheka na karatasi 8. Mtoto anavipishanisha vipande vyake katikati kama miali ya jua na kuvishikiza kwa gundi. Gundi ikishashika, anainua ncha zote sita na kuzikutanisha juu, akichomeka katikati yao uzi uliofungwa fundo. Anabana kwa kibanio cha nguo, anauacha ukauke. Ukiwa na darasa la wakubwa kidogo, waongezee kipande cha nne. Wadogo usiwaongezee, vidole vyao vitagombana.

Gundi nayo ina habari zake. Ukimpa mtoto chupa, ataikamua mpaka karatasi ilowe. Mimi naimimina kidogo kwenye vifuniko vya chupa za maji, kifuniko kimoja kwa watoto wawili, na wanapaka kwa kijiti. Gundi ya moto inabaki mezani kwangu, na ni mimi tu ninayeigusa.

Mnyororo wa pete za karatasi kila mtu anaujua, sitaueleza. Niseme tu kwamba ni kimbilio zuri kwa wanaomaliza mapema. Uwe mmoja wa darasa zima, na kila anayemaliza kazi yake akaongeze pete. Wale wenye mikono myepesi hawatapata nafasi ya kuanza kurushiana vifutio.

Unga wa chumvi sikuuacha, pamoja na aibu niliyoipata. Vipimo ni vikombe viwili vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, ukiyatia kidogo kidogo. Unga uliochanganywa na hamira usiutumie, utaumuka na nyota itageuka andazi. Kanda mpaka donge liwe laini na lisinate mikononi. Lisukume libaki na unene wa nusu sentimita, kisha watoto wakate kwa mdomo wa kikombe kidogo au kifuniko. Hapohapo, kabla mtu hajasogea, toboeni tundu kwa mrija wa kunywea, sentimita moja kutoka ukingoni. Ukiliweka karibu zaidi, ukingo utakatika pambo likishakauka.

Kukausha kwa hewa huchukua siku kadhaa, na lazima uyageuze kila siku la sivyo yatajikunja. Ukiwa na oveni, moto wa nyuzi 100 kwa saa mbili au tatu unatosha. Ukizidisha moto, yanavimba na kubadilika rangi. Rangi ya maji inafuata yakishakauka kabisa. Kwa kuwa chumvi huvuta unyevunyevu wa hewa, pambo lisilopakwa vanishi hulegea baada ya muda. Waonye watoto wasionje donge, na mwenye kidonda kidoleni umpe kazi nyingine, maana chumvi itamchoma. Waambie pia wasiyaache mahali mbwa anapoyafikia, kwani chumvi nyingi kiasi hicho ni sumu kwake.

Unga wa kumetameta nimeupiga marufuku. Wenzangu wananiona mkali, lakini wao hawajafagia darasa lilelile mpaka mwezi wa tatu.

Jina la mtoto na mwaka viandikwe nyuma kabla ya rangi na kabla ya gundi. Ukingoja mwisho, utabaki na nyota 36 zinazofanana na kila mmoja akidai ile iliyonyooka. Mtoto ambaye kwao hawasherehekei Krismasi simpi kazi ya pekee yake. Mpira na nyota vinaning'inia popote, na yeye ndiye anayechagua pa kuvipeleka.

Halafu kuna kishawishi cha kurekebisha. Niliwahi kunyoosha bawa la malaika wa mtoto mmoja alipotoka kidogo. Aliporudi alilitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, langu liko wapi?" Nililikunja tena mbele yake, na sikulipata sawasawa.

Siku ya kuyapeleka nyumbani, omba trei za mayai mapema. Ya unga yanakaa ndani ya vishimo yakiwa yamefungwa karatasi, na mipira ya karatasi inakuja juu kabisa. Tengeneza pia matatu ya akiba, yenye matundu tayari, kwa ajili ya aliyekuwa mgonjwa wiki hiyo na kwa atakayeangusha lake mlangoni.